Miche ya mnavu na ngogwe ndani ya nyumba, theluji ikiwa bado nje

Mwaka wangu wa kwanza Minnesota, Marekani, nilisia trei tatu, mbili za ngogwe (wengine mnaita nyanya chungu) na moja ya pilipili mbuzi, nikazipanga kwenye dirisha la sebule, nikaziua zote kabla wiki ya nne haijaisha. Sikuziua kwa uvivu. Niliziua kwa bidii, kwa kufanya yote niliyoyaona tangu utoto kwenye kitalu cha mama kule Lushoto: kivuli juu, maji asubuhi, maji jioni. Nilipompigia simu kumweleza kwamba miche imelala chini kama nywele zilizolowa, akauliza, "Umemwagilia?" Nikamwambia nimemwagilia mama, kila siku mara mbili. "Basi ongeza kivuli, mwanangu."

Mama hakukosea. Kitaluni kwake adui wa mche ni jua la mchana na upepo unaokausha tuta kabla ya alasiri. Ndani ya nyumba mwezi Machi, madirisha yamefungwa na hita inanguruma, hakuna jua hilo wala upepo huo. Huku mche hufa kwa kukosa mwanga na kwa kuzama majini. Kwa hiyo mengi ninayoeleza hapa yatapingana na mkono wako ulivyozoea, mpaka tukikaribia mwisho, ambapo mama atakuwa sahihi tena.

Nazungumzia pande za Minneapolis, ambako usiku wa kugandisha unaweza kurudi hata Mei ikiwa imeshaingia. Ukiwa Toronto, Oslo au Hamburg, badilisha tarehe tu.

Hatua ya 1: Hesabu kwa kurudi nyuma

Anza na siku ya kupanda nje, kisha rudi nyuma. Huku wengi hungoja Jumatatu ya mwisho ya Mei, siku ya mapumziko ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa vitani, ndipo wanapotoa mimea ya joto kama pilipili. Ni kipimo kizuri hata kwa mboga zetu.

Kutoka hapo, pilipili mbuzi inahitaji wiki 10 ndani, yaani isiwe baada ya katikati ya Machi. Ngogwe wiki 8, mwishoni mwa Machi. Mnavu na nyanya za kawaida wiki 6, katikati ya Aprili. Mchicha usihangaike nao ndani. Unaota upesi na unapenda kusiwa palepale utakapokulia, ardhi ikishapata joto. Mgagani nao ni hivyohivyo, kwa sababu mzizi wake mkuu hushuka moja kwa moja na haupendi kuhamishwa.

Kishawishi cha kuanza Februari ni kikubwa, hasa ukiwa umechoka kuangalia theluji. Jizuie. Mche uliokaa ndani wiki 14 unafika bustanini mizizi imejizungusha kwenye kopo, una maua tayari, na unapitwa na mche mdogo uliotoka ndani na nguvu zake.

Hatua ya 2: Mbegu

Usizifunge kwenye khanga ndani ya begi ukitoka nyumbani. Marekani inataka mbegu zote zitangazwe kwa forodha, na mara nyingi zinahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zilikotoka; zisizo na karatasi hunyang'anywa. Nunua zilizopo huku huku. Shida ni majina, maana muuzaji hajui mnavu ni nini, na ukitafuta kwa Kiingereza utaletewa mimea mingine kabisa. Tafuta kwa jina la kisayansi: Solanum scabrum ni mnavu wa majani mapana, Solanum aethiopicum ni ngogwe, na mgagani utaupata kama Cleome gynandra au Gynandropsis gynandra. Pilipili mbuzi ni ndugu wa zile zinazouzwa kila mahali kwa jina la habanero.

Ukishavuna mwaka wa kwanza, hutanunua tena. Acha matunda machache ya mnavu yaive mpaka yawe meusi na laini, yaponde kwenye maji, acha siku moja au mbili, mwaga maganda yanayoelea, anika mbegu kivulini. Za mgagani usizisie zikiwa mbichi. Mbegu mpya ya mgagani imelala, na inahitaji kukaa miezi kadhaa mahali pakavu kabla haijakubali kuamka. Wengi huitupa wakidhani imekufa.

Hatua ya 3: Trei na udongo

Udongo wa bustani usiuingize. Kwenye tuta ni mzuri. Ndani ya tundu dogo la trei unagandamana kama matofali, hauachi hewa, na unakuja na vimelea vyake. Nunua ule mwepesi wa mifuko ulioandikwa kuwa ni wa kusia mbegu. Huwa ni piti (mboji ya kinamasi) au vumbi la makumbi ya nazi lililochanganywa na punje nyeupe nyepesi zinazosaidia maji kupita.

Piti kavu inakataa maji. Ukijaza trei kwanza kisha ukamwagilia, maji yatapita pembeni, juu palowe, katikati pabaki pakavu kabisa. Mimina udongo kwenye beseni, tia maji ya uvuguvugu kidogokidogo, kanda kama unga wa chapati, acha nusu saa. Ukiufinya kiganjani utoke matone mawili matatu, si mchirizi.

Vyombo si lazima viwe vya dukani. Vikopo vya mtindi vinafaa, mradi utoboe chini kwa msumari wa moto, matundu manne au matano. Trei za mwaka jana zioshe kwa sabuni, kisha ziloweke dakika 10 kwenye jiki, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, usuuze. Niliwahi kuruka hatua hii nikijiona mjanja, na kinyausi (ugonjwa unaoangusha miche) cha mwaka uliopita kikanikaribisha.

Hatua ya 4: Kusia

Kina ni nusu sentimita. Weka mbegu mbili kila tundu, funika, gandamiza kidogo kwa kidole ili mbegu iguse udongo. Andika lebo kwa penseli, maana wino wa kalamu nyingi hufutika kwa maji, na mche wa ngogwe na wa mnavu wakiwa wadogo hata mama yako hatawatofautisha.

Sasa joto. Mbegu hizi zinataka udongo, si chumba, uwe kwenye nyuzi joto 25 hadi 29 (karibu 77 hadi 85 kwa vipimo vya Fahrenheit vilivyoandikwa kwenye pakiti za huku). Nyumba nyingi majira ya baridi zina nyuzi 20, na udongo uliolowa huwa na baridi zaidi ya chumba. Mkeka wa umeme wa kupasha trei kutokea chini unaleta tofauti ambayo siwezi kuisifu vya kutosha, hasa kwa pilipili. Funika trei kwa plastiki angavu ili unyevu usipotee. Mwanga bado hauhitajiki.

Mnavu na nyanya hutokeza kati ya siku 5 na 10. Ngogwe wiki moja hadi mbili. Pilipili mbuzi hujivuta: wiki mbili, tatu, wakati mwingine ya nne. Usichimbue kuangalia. Tangu siku ya nne, chungulia asubuhi na jioni, kwa sababu ukiona vishingo vya kwanza vimejikunja juu ya udongo una saa chache tu za kufanya mambo mawili: ondoa plastiki, washa taa. Nusu ya miche ikishatoka, toa na mkeka.

Hatua ya 5: Mwanga, na hapa ndipo wengi tunapokwama

Dirisha halitoshi. Najua linaonekana linatosha, jua linaingia mpaka kwenye kochi, lakini jicho la binadamu ni shahidi mbaya wa mwanga. Mwezi Machi jua la huku liko chini angani, siku nyingi ni za mawingu, kioo kinakula sehemu yake, na mwanga unatoka upande mmoja tu. Mche ukiona hivyo unaamini umeota chini ya kichaka, basi unakimbia kwenda juu kutafuta upenyo. Shina linakuwa jembamba kama uzi, refu, jeupe, na majani mawili juu kama bendera. Mche uliorefuka namna hiyo haurudi kuwa mfupi.

Taa ndefu ya LED ya futi nne, ile watu wanayoifunga ndani ya gereji, inatosha kabisa kwa trei mbili. Taa za zambarau za bei mbaya achana nazo. Chagua yenye mwanga mweupe, iliyoandikwa 5000K au 6500K (kipimo cha rangi ya mwanga), uitundike kwa minyororo ili uweze kuipandisha na kuishusha.

Urefu ndio siri. Taa ya gereji nguvu yake si kubwa, kwa hiyo iteremshe mpaka ibaki sentimita 8 hadi 10 juu ya majani, na uipandishe kadiri miche inavyokua. Mkono wako utakuambia mbali zaidi, mbali zaidi, kama mama na kivuli chake. Usiusikilize. Weka kiganja usawa wa majani kwa nusu dakika. Kama huhisi joto la kukera, miche haitaungua. Ikiwa una taa yenye nguvu iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea, hiyo ni habari nyingine: anza sentimita 40 au zaidi na ufuate maelezo ya kwenye boksi, kwani ile kweli huweza kubabua.

Miche yenyewe itakusemesha. Ikirefuka, taa iko mbali. Majani yakikunja kingo kwenda juu na kupauka sehemu zilizo karibu na taa, imezidi. Mche ulioridhika ni mfupi, mnene shinani, una majani yaliyotanda kama sahani.

Washa muda wa saa 14 hadi 16 kila siku, kisha giza. Nunua taima ya kuchomeka ukutani, maana wiki ya pili tu utaanza kusahau, na miche haipendi leo saa 10, kesho saa 20. Giza la usiku ni sehemu ya chakula chake.

Ongeza feni ndogo iwe inapuliza polepole, si kwa kuelekezwa usoni mwa miche, bali hewa itembee na majani yatikisike kidogo tu. Shina linalotikiswa hujijenga nene. Kama huna feni, pitisha kiganja juu ya miche mara kadhaa kwa siku, kama unampapasa mtoto kichwani. Wanangu wamejitwalia kazi hiyo na wanagombania zamu.

Hatua ya 6: Maji

Kitaluni Lushoto, maji ya asubuhi yamekauka kabla ya adhuhuri. Ndani, maji ya Jumatatu bado yapo Jumatano. Ndiyo maana ratiba ya "asubuhi na jioni" inaua.

Nyanyua trei. Ndicho kipimo pekee ninachokiamini. Inyanyue ukishaimwagilia ujue uzito wake, kisha kila siku uinyanyue tena. Ikiwa nyepesi na udongo wa juu umegeuka rangi kuwa hafifu, mpe maji. Ikiwa bado nzito, iache, hata kama roho inakuuma. Maji yapitie chini: weka trei yenye matundu ndani ya sinia lenye maji ya kina cha vidole viwili, subiri dakika 20, udongo unywe unachotaka, kisha yaliyobaki yamwage yote.

Usitumie maji yaliyopita kwenye mashine ya kulainisha. Nyumba nyingi za Minnesota zina mashine hiyo kwa sababu maji ya chini ya ardhi huku yana chokaa nyingi, nayo huondoa chokaa kwa kuibadilisha na chumvi. Mche unaonyweshwa maji hayo utaungua kingo za majani na wewe utabaki ukilaumu mbolea. Bomba la nje, na katika nyumba nyingine bomba la maji baridi jikoni, halijaunganishwa na mashine hiyo, ulizia. Yaache maji yafikie joto la chumba kwanza.

Kinyausi ndicho kilichomaliza trei zangu tatu. Ni vimelea vya aina ya ukungu vinavyoishi kwenye udongo uliolowa na hewa iliyotuama. Unalala miche imesimama, unaamka imeanguka, na ukiitazama vizuri shina limenywea pale linapogusana na udongo kama limebanwa na uzi. Mche ulioanguka haufufuki. Utoe pamoja na udongo wake, sogeza wenzake mbali, acha udongo ukauke juu, washa feni. Watu hunyunyiza mdalasini. Mimi naona feni na kumwagilia kwa uchache vinatosha.

Halafu kuna vile vinzi vyeusi, vidogo kama vumbi linaloruka, vinavyokaa juu ya udongo. Vikubwa havidhuru, ila viluwiluwi vyao hula vijizizi. Ni dalili kwamba udongo umelowa mno. Ukauke juu, uchomeke karatasi za manjano zenye gundi, na vikizidi tafuta ile dawa ya vimelea wanaoua viluwiluwi vya mbu, jina lake Bti, uiloweke kwenye maji ya kunywesha.

Hatua ya 7: Kupunguza, kuhamisha, kulisha

Majani mawili ya kwanza si majani hasa, ni ghala la mbegu. Yanayofuata ndiyo yenye sura ya mmea wenyewe. Yakitokeza, chagua mche mmoja kila tundu na mwingine uukate kwa mkasi usawa wa udongo. Usiung'oe, mizizi yao imeshikana.

Majani halisi yakifika manne, hamishia kwenye kopo la upana wa sentimita 8 hadi 10. Shika mche kwa jani, kamwe si kwa shina: jani likipasuka litaota jingine, shina likipondeka ndiyo basi. Nyanya ifukie mpaka karibu na majani ya kwanza, kwa kuwa shina lake hutoa mizizi. Ngogwe, mnavu na pilipili zibaki kina kilekile.

Mbolea ianze baada ya majani halisi, si kabla. Tumia ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa wiki. Majani ya chini yakiwa ya manjano, njaa ya naitrojeni. Mgongo wa jani ukiwa wa zambarau, mara nyingi fosforasi ipo lakini mizizi ina baridi na haiwezi kuichukua. Inua trei kutoka kwenye sakafu ya simenti kabla hujakimbilia dukani.

Hatua ya 8: Kuzoesha nje

Hapa mama amerudi.

Mche uliolelewa chini ya taa ya gereji haujawahi kuona jua. Ukiutoa saa sita mchana siku ya kwanza, majani yatababuka kuwa meupe kama karatasi kabla hujamaliza chai. Kwa hiyo siku 7 hadi 10 kabla ya kupanda, unajenga kitalu cha Lushoto: chanja, yaani paa la kivuli. Mimi natundika shuka jeupe kuukuu juu ya viti viwili kwenye baraza. Siku ya kwanza kwa muda wa saa moja au mbili kivulini, pasipo na upepo, kisha ndani. Siku ya pili muda wa saa tatu. Siku ya nne, jua la asubuhi kidogo. Ongeza hivyohivyo mpaka miche ishinde nje kutwa. Na maji sasa ni kila siku, wakati mwingine mara mbili, kwani upepo wa Mei unafyonza kopo dogo kwa saa chache.

Usiku warudishe ndani maadamu baridi inashuka chini ya nyuzi 10. Pilipili ni waoga zaidi, wangojee nyuzi 13. Angalia utabiri wa siku kumi mbele, si wa leo tu. Mwaka juzi nilidanganywa na wiki moja ya joto, nikapanda mapema, na usiku mmoja wa baridi ukasimamisha pilipili zangu mpaka Julai. Hazikufa. Zilinuna tu.

Panda jioni au siku ya mawingu, nafasi ya hatua moja ndogo kati ya mnavu na mnavu, hatua moja na nusu kwa ngogwe. Mwagilia shimo kabla ya kuweka mche na tena baada ya kufukia. Kisha kata vile vibomba vya boksi vya katikati ya karatasi ya chooni kuwa vipande vya sentimita 5, mvike kila mche kama kola, nusu ndani ya udongo nusu juu. Sota, yule kiwavi mkata miche, wa huku ni kama wa Lushoto: hukata mche usiku usawa wa ardhi, wala hauli wote, anauacha umelala pale ili asubuhi uukute.